Karani Alikuja Maji Yakiwa Mafu

Niliwahi kuketi katika daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba moja ya mtaa wa Langoni, hapa Amu, mji wa Lamu katika pwani ya Kenya, nikimsubiri mwenyeji wangu arudi msikitini. Kwenye baraza ya mkabala alikuwa ameketi msichana mwenye kitambulisho shingoni na tableti mapajani, aliyekuja kufanya utafiti wa kaya. Bibi mwenye nyumba alikuwa kizingitini akisuka ukili wa kushonea mikeka, na miyaa iliyokwisha kuchanwa ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa chenye majimaji isikauke. Msichana akasoma swali kwa adabu: "Bibi, katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote ya kukupatia kipato?" Bibi akajibu bila kuinua macho: "Sina kazi mimi, mwanangu. Nimekaa nyumbani tu." Kidole kikagusa kioo, na swali lililofuata likawa la choo. Kabla la choo halijesha, mtoto akafika na shilingi kumi akitaka barafu. Bibi akaweka ukili chini, akaingia ndani, akatoka na barafu, akaifunga ile sarafu kwenye pindo la leso, kisha akaendelea kusuka pale alipoachia. Nyuma ya mlango niliona mafungu matatu ya ukili yaliyokunjwa, yakimngoja mnunuzi.

Hakuna aliyesema uongo asubuhi ile. Karani aliuliza alichotumwa kuuliza, na bibi alijibu kwa Kiswahili chake, ambamo kazi ni kitu mtu anachokiendea, chenye mwajiri na mshahara wa mwisho wa mwezi, na kusuka ukili huku umekaa kizingitini kwako ni kukaa tu. Hata hivyo jibu lile liliondoka pale likaenda kujumlishwa na maelfu mengine, na mahali fulani likawa sehemu ya asilimia ya wanawake wasiofanya kazi. Ndiyo sababu ninaposoma majedwali yenye safu mbili, ya wanaume na ya wanawake, siku hizi naanza kwa kuitafuta hojaji. Tofauti kati ya zile safu mbili mara nyingi huwa imekwisha kuamuliwa na swali kabla ya hesabu kuanza.

Nisieleweke vibaya. Wapo kwetu wanaosikia neno takwimu wakadhani ni ujanja wa wafadhili, na wapo wanaotaka tuambiane mambo ya wanawake kwa visa na machozi peke yake. Mimi si wa kundi lolote kati ya hayo. Namba nzuri huonyesha jambo ambalo jicho la mtaani haliwezi kuliona, lakini lazima msomaji aulize mambo mawili au matatu kabla ya kuiamini, na Lamu ni mahali pazuri pa kujifunzia kuuliza.

Chukua hesabu iliyo nyepesi kuliko zote, ile ya vichwa. Sensa ya Agosti 2019 iliipa Kaunti ya Lamu watu 143,920, wakiwamo wanaume 76,103 na wanawake 67,813. Kwa kila wanawake 100, basi, palikuwa na wanaume 112. Vuka Kaunti ya Tana River uingie ile ya Kilifi, ilimo Malindi, nako mambo yanapinduka: wanawake 749,673 na wanaume 704,089, yaani wanaume 94 kwa kila wanawake 100. Nchi nzima ilikuwa na wanaume 98. Kaunti mbili za pwani, zenye bahari moja, zinatoa picha mbili zinazopingana.

Msomaji mwenye haraka atakumbuka hoja ya mwanauchumi Amartya Sen, ambaye mwaka 1990 alikadiria kwamba zaidi ya wanawake milioni 100 walikuwa wamekosekana duniani, hasa barani Asia, kwa sababu ya mabinti kunyimwa chakula na matibabu. Je, Lamu nayo inapoteza wanawake? Kwa maoni yangu sivyo. Upungufu wa namna ile hujitokeza kwa watoto, na kipimo chake kinajulikana: kwa maumbile huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100, na uwiano ukienda mbali na hapo katika umri wa chini ya miaka mitano, pana jambo zito la kuchunguza. Pengo likiwa katika umri wa kutafuta riziki, swali ni nani kahamia na nani kahama. Lamu ni kaunti ya kupokea wanaume wageni, wakiwamo vibarua, askari na wafanyabiashara, na tangu ujenzi wa bandari mpya ulipozinduliwa mwaka 2012 wamezidi kuja. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu wanaume 53,045 na wanawake 48,494, ambao ni wanaume 109 kwa wanawake 100. Kilifi kwa upande wake huwatoa wanaume wakafuate kazi Mombasa na kwingine. Kwa hiyo namba inayoonekana kusimulia maisha na vifo vya wanawake inasimulia zaidi safari za wanaume, na atakayeifanyia sera bila kuigawa kwa umri atalitibu jambo ambalo halipo.

Sensa ya 2019 ilikuwa na safu ya tatu. Kwa mara ya kwanza Kenya iliwahesabu huntha, yaani watu wenye jinsia mbili, ikawapata 1,524 nchi nzima na 4 katika Lamu. Mwaka 2009 hawakuwamo katika jedwali lolote, na hiyo haikuwa kwa sababu walikuwa hawajazaliwa. Fomu haikuwa na kisanduku chao. Nilifurahi kuona kisanduku kimewekwa, lakini furaha hiyo ina kasoro yake. Katika kaunti ambayo ukipiga chafya Mkomani utaombewa afya Langoni, namba nne si takwimu tena, ni kidole kinachomwonyesha mtu. Kuhesabiwa na kusitiriwa ni haki mbili, na huku kwetu hazikai pamoja kwa urahisi.

Nirudi kwenye kazi, maana hapo ndipo pengo kubwa linapojificha. Hojaji ya sensa ya 2019 iliuliza shughuli kuu ya mtu katika siku saba zilizotangulia usiku wa kuhesabiwa. Maneno mawili katika swali hilo yanatosha kumfuta mwanamke wa pwani. La kwanza ni "kuu". Mwanamume anayekwenda baharini ana shughuli moja ya kuitaja. Mama anayeamka kupika mahamri ya kuuza, akawapeleka watoto chuo cha Kurani, akachota maji, akaosha, akaenda bandarini kununua samaki wa kukaanga jioni, akitakiwa ataje moja tu ataitaja iliyomchukua muda mwingi zaidi, nayo ni nyumba. Na mara nyingi haulizwi mwenyewe: aliyepo mlangoni huwajibia wote wa nyumba, na mume akiwajibia wote, mke ni mama wa nyumbani.

La pili ni "siku saba", na hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa aliyelitunga hakika hakuwa mtu wa kisiwani. Wanawake wa Pate, Kizingitini na Kiunga wanaochokoa pweza na kuokota chaza na kome hawafuati juma, wanafuata mwezi. Miamba hujitokeza vizuri katika maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo mwanamke huweza kutembea mbali na fimbo yake na kikapu, akarudi maji yanapoanza kujaa. Katikati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambapo bahari haikupwi vya kutosha, na mwanamke huyohuyo hukaa nyumbani akasuka au akafua. Usiku wa sensa, tarehe 24 Agosti 2019, ulikuwa wa mwezi ishirini na kitu wa Mfunguo Tatu, siku moja tu baada ya mwezi kufika robo ya mwisho. Siku saba zilizoulizwa zilianza na mkia wa bamvua na zikaishia kwenye maji mafu yenyewe. Tena ilikuwa msimu wa kusi, bahari inapochafuka. Karani aliyegonga mlango Kizingitini akauliza juu ya wiki iliyopita alikuta, kwa haki kabisa, mwanamke ambaye jana yake na juzi hakwenda popote.

Kuna tundu jingine, la kitaalamu zaidi. Mwaka 2013 mkutano wa wanatakwimu wa kazi ulioitishwa na Shirika la Kazi Duniani ulifanya jambo zuri na jambo la kutatiza kwa azimio moja. Ulikubali kwamba kazi ni pamoja na kulea, kupika, kuchota maji na kujitafutia chakula, hata kama hakuna malipo. Papo hapo ukabana maana ya ajira ibaki kwa kazi ya malipo au faida. Mwanamke aliyerudi na pweza wanne akauza wawili na kupika wawili anasimama juu ya mstari wenyewe. Akisema hasa ni wa kuuza, ana ajira. Akisema hasa ni wa mboga, hana, ingawa mgongo umemuuma vilevile na miguu imekatwa na miamba ileile. Wanatakwimu wana sababu zao za kuutenganisha mfuko na chungu, na sizidharau, ila gazeti linapoandika kichwa cha habari kuhusu ajira ya wanawake, tofauti hiyo haichapishwi.

Dawa ya sehemu ya tatizo hili ilipatikana Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilipofanya utafiti wake wa kwanza wa matumizi ya muda mwaka 2021. Badala ya kumuuliza mtu kama ana kazi, utafiti wa namna hiyo humfuata kwa saa ishirini na nne na kumuuliza alichofanya. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwanamke hutumia kama saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi bila malipo, na mwanamume takriban saa moja. Sijui namba ya kijinsia iliyo wazi kuliko hiyo katika takwimu zetu. Haihitaji mtu ajiite mfanyakazi. Inahitaji akumbuke tu baada ya alfajiri alishika nini.

Hata hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo nauona kila jioni kwa mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga, mmoja wa jirani yangu. Sufuria ya mafuta iko motoni, mtoto yuko mgongoni, mkono mmoja unageuza samaki na mwingine unahesabu chenji ya mteja, na huku anamsahihishia mwanawe mkubwa hesabu za shule kwa mdomo. Saa hiyo moja iandikwe safu gani? Daftari likikubali shughuli moja tu kwa wakati, mtafiti ataandika biashara na ulezi utapotea, au ataandika ulezi na biashara itapotea. Wanaume wetu, wavuvi kwa mabaharia, ni nadra kuwaona wakifanya kazi mbili kwa pamoja, isipokuwa kutafuna miraa na kushona nyavu.

Sehemu nyingine ambayo majedwali hupotosha huku kwetu ni nyumba. Hojaji huanza kwa kutafuta mkuu wa kaya, na mali, umaskini na starehe vyote hupimwa kwa kaya nzima. Amu ina desturi yake. Katika nyumba za mawe za mji wa kale, baba mwenye uwezo alimpa binti nyumba anapoolewa, au alimjengea juu ya ile ya mama yake, na wikio zinazopita juu ya vichochoro zikaziunganisha nyumba za ndugu wa kike. Bwana harusi ndiye aliyehama. Sasa karani anafika, anamkuta bwana kwenye daka, anamwandika kuwa mkuu wa kaya, na nyumba ya mkewe inakuwa mali ya kaya inayoongozwa na mwanamume. Mgeni anayesoma jedwali ataona jamii ambayo wanawake hawana kitu. Lakini asijidanganye pia yule anayetumia desturi hiyo kusema kwamba mambo yote ni shwari, kwani kumiliki kuta si sawa na kuwa na sauti juu ya kuuza, kukodisha au kuweka rehani, na vilevile si kila familia ya Lamu ilikuwa na nyumba ya mawe ya kumpa binti. Swali linalofaa ni jepesi: ukitaka kuiuza kesho, ni nani wa kutia saini, na ni nani wa kuombwa ruhusa?

Kuhusu ukatili, namba zinadai tahadhari ya aina nyingine. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wafike umri wa miaka 15. Ule wa 2014 ulikuwa umekuta asilimia 45. Ningependa kuamini kwamba pigo limepungua kweli. Watafiti hawa huchagua mwanamke mmoja tu katika nyumba, na huacha maswali hayo pasipokuwa na faragha, utaratibu wa busara kabisa. Lakini anayezijua nyumba zetu, ambapo ua wa ndani ni wa wote na mlango wa mbele haufungwi hadi usiku, anajua faragha ya nusu saa ni kitu cha kutafutwa kwa taa. Namba ya ukatili ikishuka huenda ni mikono iliyoshuka, huenda ni sauti, na jedwali peke yake halitakwambia ni ipi.

Vyeo vya siasa sitavikalia sana, kwa kuwa ndivyo vinavyohesabika kwa urahisi na ndiyo maana kila mtu huvihesabu. Magavana wanawake hawakuwapo mwaka 2013, wakawa watatu mwaka 2017 na saba mwaka 2022, kati ya kaunti 47. Lamu Mashariki ilimchagua Ruweida Obo kuwa mbunge wake mwaka huo wa 2022, na kwa eneo la Faza, Kiunga na Basuba hilo si dogo. Ila baadhi ya vipimo vya dunia vya usawa wa kijinsia, vinavyopanga nchi kwa safu, hupima uwiano baina ya wanaume na wanawake, havipimi kiwango. Mahali ambapo wavulana wanaacha shule kufuata bodaboda na mashua, na wasichana wanaacha kwa kuolewa, uwiano unaweza kuwa mzuri wa kupigiwa makofi huku madarasa yakiwa matupu pande zote mbili.

Kama mtu anadhani haya ni mabishano ya wasomi, na akumbuke fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa athari za ujenzi wa bandari. Mbele ya orodha yoyote ya namna hiyo husimama swali la nani ni mvuvi. Mwenye chombo ni mvuvi, na baharia wake pia. Je, anayechokoa pweza kwa miguu, asiye na chombo wala leseni? Na mama karanga, ambaye samaki wasipofika bandarini hana cha kukaanga? Riziki yao imo katika bahari ileile, lakini daftari za bandarini zimezoea kuandika chombo, nyavu na kilo zilizoshushwa, na anayerudi na kikapu kichwani hupita kando ya mizani. Daftari hizo ndizo zinazokuja kutolewa kama ushahidi mambo yakifika mahakamani au ofisini, na asiyekuwamo jana hana namna ya kuthibitisha leo kwamba alikuwapo.

Marekebisho yake hayana gharama kubwa. Kamati za ufuo zinaweza kuongeza safu ya wanaokusanya kwa miguu na ya wanunuzi wadogo, kwa majina na jinsia, na tarehe ya mwezi ikaandikwa kando ya tarehe ya kalenda. Makarani wanaweza kufundishwa kuacha neno kazi na kutaja vitu kimoja kimoja: wiki hii na ile ya bamvua lililopita, uliuza ukili, barafu, samaki, mahamri? Kaunti nayo isitegemee tafiti za kitaifa kwa kila jambo, kwa sababu utafiti ule wa 2022 uligawanya vituo vyake 1,692 kwa nchi nzima, na fungu la Lamu ukilikata tena kwa visiwa na bara, kisha kwa umri, utabaki na watu wachache kiasi kwamba familia mbili zikisafiri kwenda arusini asilimia inabadilika.

Sensa ya Kenya imekuwa ikifanywa mwezi wa Agosti kila baada ya miaka kumi tangu 1979. Ijayo ikifanywa usiku uleule wa tarehe 24, mwaka 2029, itaangukia mwezi mpevu. Siku saba zitakazoulizwa zitaanza na maji mafu na kuishia bamvua likiwa limeingia, na makarani watazunguka visiwani wakati wanawake wanarudi kutoka miambani na vikapu vimejaa. Mtu akiulizwa juu ya wiki hujibu kwa jana na juzi, kwa hiyo huenda wengi zaidi wakasema walikuwa kazini. Kisha mtu fulani Nairobi, akiwa na majedwali mawili mbele yake, ataandika kwamba katika miaka kumi wanawake wa Lamu wameingia kwa wingi katika shughuli za uchumi.